Machi Mabogini, ndege wanapofunga safari

Watalii wanaotaka ndege hupelekwa Manyara au kwenye maziwa ya Momella. Mimi mwezi wa tatu ukifika napanda daladala ya kwenda chini, nashuka Mabogini, nafuata njia ya vumbi mpaka kwenye mabwawa ya majitaka ya mji wa Moshi. Harufu ipo, sikufichi. Ila pua huchoka mapema, na ikishachoka macho ndiyo yanaanza kazi.

Kazi yangu ni kuongoza wageni, mlimani na mbugani. Sisi watu wa utalii mwaka wetu una pengo: masika yakishakolea, kuanzia mwisho wa Machi mpaka Mei, wageni hamna. Mlimani njia zinateleza, mbugani magari yanazama kwenye matope, na watu wanaambiwa wakapumzike nyumbani. Wenzangu wengine wanarudi kihamba, yaani shamba la nyumbani, wengine wanakodi bodaboda. Ni katika pengo hilo nimewajua ndege hawa, na ni kalenda tu iliyopanga hivyo, kwa sababu wiki ambazo mimi sina kazi ndizo wiki ambazo ndege waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia wanarudi kwao kuzaa.

Watu wa kaskazini wana raha yao. Majira ya machipuko yakianza wanakaa ufukweni na darubini wakisubiri. Ndege akitua anaonekana: jana hakuwepo, leo yupo, wanaandika tarehe na kufurahi. Huku kwetu mambo yamegeuka. Machi ni mwezi wa kuondoka, na hakuna ndege anayepita kuaga. Unamwona Jumanne, Jumatano umeshikwa na msiba wa jirani, Alhamisi mvua, Jumamosi unakwenda hayupo. Ameondoka lini? Huwezi kujibu kama zile siku alizokuwepo hukuwa unamtazama sawasawa. Sehemu kubwa ya ninachokijua sasa kuhusu ndege nimekipata nikihangaika na swali hilo: nitajuaje kwamba huyu yuko njiani kuondoka?

Alama ya kwanza ni manyoya. Kuna ndege mwembamba wa mkia mrefu anayetembea kwenye tope huku mkia ukipanda na kushuka bila kupumzika. Akifika kwetu, kuanzia Oktoba hivi, ana rangi iliyofifia, na wale waliozaliwa mwaka huo huwezi hata kuapa kwamba ni wa njano. Kufikia Machi amebadilisha manyoya ya mwili. Dume anakuwa njano ya kuumiza macho kuanzia kooni mpaka chini ya mkia. Wanafika na nguo za shamba, wanaondoka wamevaa za harusi, na kweli harusini ndiko wanakokwenda. Utamu wenyewe uko kichwani. Yupo mwenye kichwa cha kijivu cha samawati na mstari mweupe juu ya jicho, yupo wa kichwa cheusi ti, yupo ambaye hata kichwa ni njano. Wote ni aina moja, lakini kila kichwa kina kwao: wa kijivu ni wa Ulaya ya kati, wa cheusi ni wa Balkani na Uturuki, wa njano ni wa nyika za Volga na Kazakhstan. Mwezi wa kumi na mbili wote wanafanana. Machi unasimama kwenye ukingo wa bwawa moja la Mabogini na unajua nani anakwenda wapi.

Asubuhi moja nilimpata dume wa kichwa cheusi kwenye ukingo wa saruji, karibu kiasi kwamba darubini ilikuwa inamkataa, nikarudi nyuma kidogo. Alikuwa anadokoa visubi juu ya utando wa kijani uliokaukia pale maji yalipopungua. Anakimbia kidogo, anasimama, anadokoa, mkia juu, mkia chini. Kifuani alikuwa na unyoya mmoja wa zamani, mweupe mchafu, umejitokeza katikati ya njano mpya. Akaushika kwa mdomo akauvuta. Ukakataa. Akauvuta tena, ukakataa, akaachana nao akaendelea kula. Na alikuwa amenona hasa, tumbo limeshuka mpaka miguu inaonekana mifupi.

Kunona ndiyo alama ya pili, na ndiyo sababu ya majitaka. Ndege mdogo hawezi kuvuka jangwa la Sahara kwa chakula cha njiani, lazima aondoke na akiba. Anaiweka kama mafuta chini ya ngozi, na zipo aina za wadogo wanaokaribia kufikisha uzito mara mbili ya kawaida kabla ya kuruka. Akiba hiyo inatoka wapi Machi, wakati mvua za masika ndiyo kwanza zinanusa na mbuga imekauka? Inatoka mahali ambapo wadudu hawakatiki. Bwawa la majitaka linapokea uchafu wa mji, jua linaupasha, mwani unaota, visubi wanataga, mabuu wanajaa kwenye tope. Maji yakishatulia yanashuka kwenye majaruba ya mpunga, na huko nako kuna tope lingine. Pembeni yake kuna skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, ile iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika 1987, inayotegemea maji ya Njoro na Rau. Kwa kitwitwi mdogo, ndege wa matopeni wa gramu kama 25, anayezaa kwenye nchi zisizo na miti za kaskazini kabisa mwa Urusi, hapo ndipo penye meza.

Ukitaka kwenda, msalimie mlinzi kwanza na umweleze shida yako, maana mtu mwenye darubini karibu na mali ya umma anatiliwa shaka haraka. Vaa buti za mpira. Usile kitu mpaka umenawa. Na jua liwe mgongoni kwako, la sivyo vitwitwi wote ni vivuli vyeusi na utarudi nyumbani na maumivu ya kichwa tu.

Mwalimu wangu mkubwa kule si kitabu. Ni mama mmoja mwenye majaruba karibu na mfereji. Mpunga ukianza kujaa maziwa yuko shambani kabla hakujapambazuka, anaamia ndege, anapiga debe na kuvuta kamba iliyofungwa makopo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja tena kutazama ndege wangu?"

"Nimekuja kuwaaga, mama. Wanaondoka."

"Basi hao kwelea ondoka nao. Hawa wa matopeni waache, hawana ugomvi na mtu."

Kwelea hawaendi Ulaya. Wanahama ndani ya Afrika hii hii wakifuata mbegu za nyasi, na zikikosekana wanakuja kwenye mpunga kama jeshi. Wakizidi, serikali inaleta ndege ya kupulizia dawa. Dawa haichagui, na mwewe na kozi wanaookota mizoga ya kwelea wanaondoka na sumu hiyo hiyo. Ningependa kuandika zaidi hapa, lakini mimi silimi mpunga, na ni rahisi sana mtu asiye na shamba kuwaonea ndege huruma. Mama yule amewahi kukuta jaruba zima limebaki mabua. Ninachoweza kusema ni kwamba anawatofautisha anayekula mpunga na anayekula wadudu kuliko wanafunzi wengi wa utalii niliowahi kufuatana nao.

Ni yeye aliyenielekeza saa. Mimi nilikuwa nakuja asubuhi, kama watu wote wanavyofundishwa. Akaniambia wale wenye miguu mirefu hawaondoki asubuhi, wanaondoka jioni, na si jioni yoyote. Mawingu yakiwa mazito wanabaki. Mvua ikikatika mchana na mbingu ikasafika, kesho yake bwawa limepungua. Hakuwa na neno la kitaalamu juu ya jambo hilo, na halihitajiki. Ndege wengi wa matopeni, pamoja na wadogo wengi wa vichakani, husafiri usiku, na nyota ni moja ya vitu wanavyotumia kujua mwelekeo. Mtu anayeamia ndege mpaka giza linaingia lazima ataliona hilo kabla ya mtu mwenye darubini anayewahi chai.

Basi nikaanza kubaki. Jioni moja ya mwanzo wa Aprili, mvua ilikuwa imepiga tangu asubuhi ikakatika kama saa tisa. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikajifungua, theluji yake ikawa na rangi ya waridi. Vitwitwi wa miguu ya kijani, wale wakubwa wenye mlio wa sauti tatu, walikuwa kundi dogo kwenye kona ya bwawa la mwisho. Kwa kawaida kila mmoja ana kipande chake cha tope na hataki mwenzake asogee. Jioni ile walikuwa wamesimama karibu karibu, hawali. Mmoja akapiga kelele, wote wakaruka, wakazunguka bwawa, wakatua. Wakakaa. Wakaruka tena, safari hii juu zaidi, wakatua tena. Mara ya tatu hawakutua. Walipanda wakizunguka, wakiitana muda wote, wakajipanga mstari uliopinda, wakaelekea upande wa kaskazini mashariki, wakipita mlima kwa kulia. Nilibaki na darubini juu mpaka mikono ikatetemeka.

Kumbe kuaga kupo. Kuna saa zake tu.

Wale wadogo wa vichakani siwezi kuwaona wakiondoka, wanatoka mmoja mmoja gizani. Kwao dalili ni sauti. Kwenye vihamba vya huku juu, katikati ya migomba na kahawa, kwenye miruka na migrivea, kuna ndege wa rangi ya majani yaliyokauka, mzito gramu kama 10, ambaye kuanzia Oktoba anakaa nasi kimya. Anachokoa wadudu chini ya majani, anatoa kamlio kafupi, basi. Ikifika Machi anaanza kuimba, wimbo laini unaoanza juu na kuteremka taratibu mpaka unazimika. Huku hana jike wa kumvutia wala eneo la kulinda. Anafanya mazoezi ya huko aendako, Ulaya au Siberia. Nikimsikia anaimba wimbo mzima kwenye mruka wa jirani, najua siku zake zinahesabika, na tangu hapo kila asubuhi nasikiliza kabla ya kupiga mswaki.

Watu huniuliza: anajuaje kwamba wakati umefika? Kwao anafika anaona siku zinarefuka na kufupika. Hapa kwetu, karibu na ikweta, Desemba na Machi jua linachomoza na kuzama karibu saa zile zile. Mtafiti Mjerumani Eberhard Gwinner, miaka ya 1960, aliwaweka ndege wa aina hii hii mahali ambapo mwanga uliwashwa kwa saa 12 na kuzimwa kwa saa 12 bila kubadilika. Hawakuwa na dirisha la kuwaonyesha majira. Bado walibadilisha manyoya, na msimu wa safari ulipofika walihangaika usiku ndani ya vizimba. Saa iko ndani yao. Nikiwaeleza wageni wangu jambo hili wakati tunapanda Marangu au tunashuka Mweka, hata wale waliokuja kwa ajili ya kilele tu wanasimama na kutazama mti.

Korongo weupe ni habari nyingine, wao wanaondoka mchana kweupe na ni wakubwa kiasi cha kuonekana na dereva wa lori. Kuwatafuta usije Mabogini, nenda tambarare za Boma Ng'ombe na zile za kuelekea Sanya. Wanakuwa kwenye nyasi na mashamba ya mahindi, wakitembea taratibu kama wakaguzi. Wazee wa huko wakiona kundi kubwa la korongo limetua hawashangilii, wanakwenda kukagua mahindi yao, kwa sababu korongo hufuata viwavijeshi. (Utabiri wa viwavijeshi nchini umekuwa ukifanyikia Tengeru, hapo njiani kwenda Arusha, kwa mitego ya kunasa nondo. Wazee walikuwa na korongo.)

Korongo hapigi mabawa safari nzima, angekufa kwa uchovu. Anasubiri jua lichome ardhi, hewa ya moto ianze kupanda, anaingia ndani yake na kuzunguka bila kupiga bawa mpaka anakuwa nukta, kisha anateleza kwenda mbele kutafuta hewa nyingine. Kwa hiyo saa ya kuwaona ni kuanzia saa tatu na nusu, saa nne asubuhi, siku ya jua. Juu ya bahari hewa ya namna hiyo haipandi, ndiyo maana hawakatizi Mediterania. Wanafuata Sudan na Misri, wanapita Sinai, wanazunguka pwani ya Israeli na Lebanoni, wanavukia Uturuki kwenye mlango mwembamba wa Bosporus, ndipo wanasambaa Poland, Ujerumani na kwingineko.

Na ni korongo aliyewafumbua macho Wazungu. Wapo wasomi wao walioamini kwamba mbayuwayu wakati wa baridi hulala chini ya matope ya maziwa. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz, Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki wa kutoka Afrika, wa urefu wa sentimita kama 80, umepenya shingoni. Alirudi nao kutoka huku. Walimkausha, na mpaka leo yuko Chuo Kikuu cha Rostock na mkuki wake. Sijui mwindaji wetu yule alijisemea nini alipoona chakula chake kinapaa na silaha.

Wa mwisho kupita ni kozi wa Amur, na kwangu hao ndio wafalme. Mpaka Aprili vitwitwi wengi wameshaondoka, mbayuwayu wa kaskazini wamepungua kwenye nyaya za umeme, na mtu anaweza kufunga daftari. Usifunge. Mvua kubwa ikipiga usiku na asubuhi kumbikumbi wakatoka, tazama juu. Dume ana rangi ya moshi mzito, miguu myekundu, na akipinduka unaona weupe chini ya bawa. Wanadaka kumbikumbi angani kwa mguu na kuwala hapo hapo wakiruka. Watoto chini wanagombania kumbikumbi wale wale na mabakuli, na siku hiyo hakuna anayekumbuka manati.

Kozi hawa wanakwenda kuzaa kaskazini mwa China na mashariki ya Siberia. Mwaka 2013 watatu waliokamatwa Nagaland, India, walifungwa vifaa vidogo vya kufuatiliwa kwa setilaiti, wakapewa majina Naga, Wokha na Pangti, na dunia ikaweza kufuata njia yao: wanatoka huku kupitia Somalia, wanakatiza Bahari ya Arabu bila mahali pa kutua, wanaingia India. Nagaland hiyo hiyo, mwaka mmoja kabla, kozi kwa maelfu mengi walikuwa wakinaswa kwa nyavu karibu na bwawa la Doyang na kuuzwa kama kitoweo. Picha zikaenea, na 2013 wanavijiji wenyewe wakapiga marufuku. Kwa hiyo kozi anayekula kumbikumbi juu ya Pasua au Majengo maisha yake yako mikononi mwa wanakijiji ambao hawajawahi kusikia jina Moshi.

Naandika yote kwenye simu, kwenye eBird, ile programu ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bure. Nimejizuia tabia moja, ya kuandika tu yule wa ajabu niliyemwona. Naandika orodha nzima, hata kama ni kwarara na mwewe wa kila siku. Mtu akisoma orodha kamili na asimkute kitwitwi, anajua kweli hakuwepo. Akisoma orodha ya vivutio tu, hajui kama hakuwepo au sikujali. Na pembeni, kwenye daftari la karatasi, kila aina ina mstari wake mmoja ninaoufuta na kuuandika upya kila nikimwona: tarehe ya mwisho. Asipoonekana tena, ile iliyobaki ndiyo hiyo.

Ila wapo wanaoharibu hesabu. Vitwitwi wengi waliozaliwa mwaka uliopita hawarudi msimu wa kwanza. Hawajafika umri wa kuzaa na safari ni ya hatari, basi wanabaki na rangi zao zilizofifia, Mei, Juni, Julai, kwenye tope lile lile. Juni ndipo wageni wangu wa mlimani wanarudi na mimi napotea Mabogini kwa wiki nyingi. Nikamwomba yule mama anitazamie wale waliobaki, anipigie simu akiona wamepungua. Akaniuliza nitamlipa nini. Nikamwambia vocha. Akasema vocha ni ya kunipigia mimi, yeye je? Tumeelewana nimletee kamba mpya na makopo, ya kuamia kwelea.